Washeni Sauti Kwanza

 Niliyo nayo, wanangu wa Handeni na Korogwe, si mapya. Nimeyasema barazani, nimeyasema misibani, na wengi wenu mmenisikia, mkaitikia kwa adabu, kisha mkaenda na yenu. Sasa nayaandika, kwa kuwa sauti yangu haifiki mbali tena, na simu zenu zinafika kila mahali.

Nianze na ile video. Wa Manundu, pale Korogwe, mnaijua, maana iliwapitia karibu nyote. Mwanamume amelala chini shambani, amekatwakatwa, watu wamemzunguka. Chini yake pameandikwa kwamba huyo ni mkulima wa Handeni na waliomkata ni Wamasai. Mimi nilionyeshwa kijiweni, pale penye kahawa, na kijana ninayemjua tangu anazaliwa. Wenzake walikuwa wamemwegemea mabegani, wanatazama, wananyamaza, wanairudisha nyuma wanatazama tena. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona haina sauti?" Akajibu, "Babu, nimeizima, inatisha." Nikamwomba aiwashe. Akaiwasha. Waliokuwa wakipiga kelele mle ndani walisema lugha ambayo hapana aliyeijua pale. Si Kizigua, si Kisambaa, si Kiswahili. Tukamwita mzee wa Kimasai anayelinda duka la jirani. Akashika simu kwa mikono miwili, akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akairudisha. Kimasai si hicho. Pikipiki inayopita nyuma ina kibati cha namba ambacho rangi yake hatujapata kuiona barabara hii ya Segera.

Lakini kabla sauti haijawashwa, hukumu ilikwisha kutolewa. "Hawa watu ni wanyama." "Wafukuzwe wote." Na jingine lilisemwa ambalo silirudii. Yalisemwa kwa sauti ya juu, na yule mzee yuko pale pale mlangoni pa duka. Ameilinda mali ya baba zenu usiku, masika na kiangazi, na masikio yake ni mazima.

Najua mtakalosema. Babu, hiyo ilikuwa ya uongo, tumekubali. Je, ikija ya kweli? Hapo ndipo ninapotaka tukae, maana ya uongo ni nyepesi. Ya kweli ndiyo nzito.

Siwezi kuwadanganya kwamba damu haijamwagika kati ya wakulima na wafugaji katika nchi hii. Desemba 2000, kule Kilosa, kijiji cha Rudewa Mbuyuni, waliuawa watu 38, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Nchi nzima ililia. Yaliyotendeka pale yalitendwa na watu, na watu hao wana majina, wana siku waliyokwenda, wana ugomvi wa mifugo na mashamba uliotangulia, wana viongozi waliosikia mapema na hawakufika mapema. Hayo yote yanachunguzika. Yanapelekwa mahakamani, yanaulizwa, yanajibiwa. Ila ukisema "Wamasai", umefunga faili. Huna tena wa kumuuliza, maana kabila halina kiwiko cha kutiwa pingu. Muuaji mwenyewe anapata pa kujificha, nyuma ya maelfu ya watu wasiojua lolote, na mama wa Kimasai mwenye dumu la maziwa pale Mkata ndiye anayeangaliwa kwa jicho baya.

Hukumu ya namna hii haikuanza na ninyi. Mimi nimezaliwa kambini Ngombezi, wakati huo mkonge ndio ulioendesha kila kitu hapa. Watu wa kuukata hawakutosha hapa kwetu, na Wazigua na Wasambaa wengi hawakuitaka kazi ile, walikuwa na mashamba yao. Basi wenye mashamba ya mkonge wakaunda ofisi ya kutafuta vibarua, SILABU, mwaka 1944, na watu wakaja kwa malori na kwa gari moshi kutoka Songea, Kigoma, Mbeya, hata kutoka Rwanda, Burundi na Msumbiji. Walishuka stesheni ya Korogwe wamechoka, na blanketi moja begani. Kati yao walikuwamo Wamakonde, nyuso zao zimechanjwa mistari na pembe, na baadhi ya wanawake wana ndonya, pambo la mpingo, katika mdomo wa juu. Wazungu walizipiga picha sura kama zile, wakazichapa kwenye kadi za posta, wakauziana kwao. Sisi hatukuhitaji kadi. Tulitazama nyuso, tukamaliza. Mama zetu walitutisha usiku: lala, Mmakonde anapita. Wakubwa wazima walisimuliana kwamba watu wale wanakula watu. Hapana aliyewahi kuona.

Nyumba za kambi zilikuwa laini moja ndefu, ukuta mmoja watu wawili. Aliyenitoa mwiba wa mkonge unyayoni, siku mguu ulipovimba hata sikuweza kukanyaga, alikuwa mama wa Kimakonde wa chumba cha pili. Aliipitisha sindano kwenye moto wa koroboi, akanibana mguu katikati ya magoti yake, akaniambia nimtazame usoni nisitazame mguu. Ndivyo nilivyopata kuitazama ndonya kwa karibu. Ilikuwa imesuguliwa ikang'aa, na ukingoni mwake pamechongwa mistari myembamba sana, kazi ya mkono uliotulia. Huyo ndiye tuliyeambiwa anakula watoto.

Na sisi wenyewe tunasemwaje? Nendeni Dar es Salaam mkataje Handeni mbele ya watu. Mtaulizwa kama mmekuja na ungo au na basi. Gazeti likiandika habari ya mganga mmoja aliyekamatwa na mafuvu, mkoa mzima wa Tanga unakuwa wa wachawi, na binti yako aliyepata kazi benki anafichiwa watoto wa jirani asije akawatazama. Nimeona kijana wa Kizigua akikataliwa posa kwa hilo. Hapo hamcheki, na mna haki msicheke. Zamani za ukoloni sisi nasi tuliyaona magari mekundu ya zimamoto na chupa za damu hospitalini, tukakata shauri kwamba wazungu wote ni mumiani, wanawinda watu usiku wawanyonye damu. Watu walijifungia ndani magharibi ikiingia. Wazungu walikuwa wametunyang'anya ardhi na jasho, jambo la wazi kabisa na lenye ushahidi, sisi tukahangaika na mumiani.

Sasa niwaeleze jambo ambalo lilifika hadi mlangoni petu, na wengi wenu hamlijui.

Oktoba 1993, Mogadishu, Somalia. Askari wa Marekani waliingia katikati ya mji kuwakamata wasaidizi wa Jenerali Aidid, mbabe wa vita wa huko. Helikopta zikaangushwa, wakapigana usiku kucha, Wamarekani 18 wakafa, na Wasomali waliokufa ni mamia. Asubuhi yake mpiga picha wa Kanada, Paul Watson, akaupiga picha mwili wa askari mmoja unaburutwa barabarani kwa kamba, watu wanaupiga na kushangilia. Picha ile ilizunguka dunia nzima na mwaka uliofuata ikampa tuzo kubwa ya habari huko Marekani. Ilikuwa ya kweli. Hapana aliyeitengeneza. Kumfanyia maiti vile ni haramu katika kila dini ninayoijua, na sitafuti udhuru wa waliofanya.

Lakini picha ile haikuonyesha yaliyotangulia. Tarehe 12 Julai mwaka ule ule, helikopta za Marekani zilikuwa zimeipiga kwa makombora nyumba moja mjini humo, wazee wa ukoo wamo ndani wanakutana, na wengi wakafa. Siku hiyo hiyo umati wenye hasira ukawageukia waandishi wa habari waliokuja kuona, ukawaua wanne. Wawili walikuwa Wakenya, Hos Maina na Anthony Macharia. Wa tatu, Dan Eldon, alilelewa Nairobi. Wa nne alikuwa Mjerumani, Hansi Krauss. Nayo ni damu isiyo na hatia. Ninayataja yote mawili kwa pamoja kwa sababu mtu aliyeona la Oktoba peke yake alijua tu kwamba "Wasomali ndivyo walivyo". Na dunia iliamua hivyo. Marekani ikaondoa majeshi yake Machi 1994. Aprili, Rwanda ikaanza kuchinjana, na wakubwa wa Washington, picha ya Mogadishu ikiwa bado machoni mwao, hawakutaka hata kusikia habari ya kupeleka askari Afrika. Mwaka 1998 Rais Clinton alikwenda Kigali akakiri kwamba hawakufanya ya kutosha. Watusi wa Rwanda hawakumburuta mtu. Hawakuwahi hata kufika Mogadishu.

Basi wakati dunia inawatazama Wasomali kwa picha moja ile, kuna watu kutoka Somalia hiyo hiyo waliokuwa wamekwisha kuja kwetu. Vita vilipoanza 1991 walikimbia kutoka bonde la mto Juba, wengine wakaenda Kenya kwa miguu, wengine wakapanda vyombo wakateremkia Tanga. Serikali ikawaweka Mkuyu, hapa Handeni, na baadaye, 2003, Chogo. Wako watu wa Handeni waliowaogopa. Wasomali hao, wakasema, wana bunduki, wataleta vita. Mpaka wazee wa Kizigua walipokwenda kuwaona na kukuta kina mama wenye mitandio ya Kisomali wanaitana kisimani kwa Kizigua. Kizigua cha kale, chenye maneno ambayo bibi zetu walikuwa wakiyatumia na sisi tumeyaacha.

Walikuwa ni wetu. Karne ya kumi na tisa, njaa ilipoipiga Uzigua, watu walidanganywa pwani kwamba kuna kazi na chakula ng'ambo, wakapakiwa majahazini, wakauzwa Barawa, Merka na Mogadishu. Wao wenyewe wanasimulia kwamba mwanamke aliyeitwa Wanakucha aliwaongoza kutoroka utumwani hadi kwenye misitu ya Juba. Huko wakalima mahindi, ufuta na ndizi vizazi kwa vizazi, na lugha hawakuiacha. Huko Somalia waliitwa watumwa kwa sababu ya nywele zao. Waliofika Tanga waliitwa majambazi kwa sababu ya nchi waliyotoka. Na wale ndugu zao waliobaki makambini Kenya, Marekani ilipokubali kuwachukua, zaidi ya 12,000 kuanzia 2003, magazeti ya huko yakapenda kuwaonyesha wakifundishwa kupanda ngazi na kuwasha jiko la umeme, ili msomaji aone watu wa porini. Mkulima aliyelisha bonde zima, picha yake ni mguu unaotafuta kipandio.

Mmeona, wanangu? Watu ni wale wale. Kila aliyewatazama alikuwa na kipande chake mkononi.

Nisije nikaeleweka vibaya. Siwaambii mfumbe macho. Oktoba 1984 Mohamed Amin, mtoto wa Afrika Mashariki aliyekulia Dar es Salaam na kufanya kazi Nairobi, alikwenda Korem, Ethiopia, na Michael Buerk wa BBC, akapiga picha za watu wanaokufa kwa njaa alfajiri uwandani. Zilitisha, na kwa kutisha kwake ziliwaamsha watu, chakula kikapelekwa, maisha yakaokolewa. Mungu amlipe. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo, kijana wetu yeyote aliyekwenda kusoma Ulaya aliulizwa kama kwao kuna chakula. Nyuma ya njaa ile kulikuwa na vita, na serikali iliyokuwa ikitumia pesa kwa silaha na sherehe, na mashamba yanayochomwa. Yote hayo hayakuingia katika jicho la kamera, ikabaki "Afrika wanakufa njaa". Picha ilifanya kazi ya huruma ikaifanya vizuri. Watazamaji ndio walioipa kazi ya pili, ya kuhukumu, na hiyo haikuiweza.

Kuna wanaonijibu kwa methali. Samaki mmoja akioza, babu, huoza wote. Nimeisikia mno hata imenichosha. Methali ile ni ya tenga. Samaki waliolaliana ndani ya tenga moja, juani, bila chumvi, ndio wanaoambukizana. Walio baharini wanaogelea salama, na hapana mvuvi aliyeacha kwenda kuvua kwa sababu ya mmoja aliyeoza sokoni. Ukiona watu wameanza kuoza kwa pamoja, litazame tenga: nani amewabana pale, nani amewanyima maji.

Wengine wanajitetea kwamba ni utani tu. Hapo nakasirika kidogo, maana utani ni urithi wetu na unatukanwa. Mtani nilimjua jina na nyumba. Alinitukana mbele ya macho yangu, kabila langu na tumbo langu, nami nikamrudishia, watu wakacheka. Na siku nilipofiwa, mtani ndiye aliyekuja wa kwanza. Akafanya vituko msibani mpaka waliokuwa wakilia wakacheka, akashika jembe kaburini, akadai chake, akapewa. Utani una wajibu ndani yake. Anayemtania Mnyamwezi anajua kwamba atamzika. Sasa ninyi mnaowatumia watu picha ya maiti ya Mmasai na maneno ya kejeli, mtamzika nani? Mkikutana na Mmasai njiani mnalijua hata jina lake? Ninyi si watani. Tafuteni neno jingine, ila hili la utani liacheni.

Waislamu mnajua Sura ya Hujurati imeamrisha nini juu ya habari inayoletwa na asiyeaminika, na imekataza nini juu ya watu kuwadharau watu. Wakristo mnaijua amri ya kutomshuhudia jirani uongo. Serikali nayo ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Sitaki kuwatisha kwa polisi. Mtu akiacha jambo kwa kuogopa polisi, ataliendea usiku.

Ninaloliogopa mimi ni Msomera. Tangu Juni 2022 familia za Wamasai kutoka Ngorongoro zimekuwa zikiletwa pale, wilaya yetu ya Handeni, na kujengewa nyumba. Kama ilikuwa haki kuwahamisha au la, watu wanabishana hadi leo, na hiyo ni kesi yenye wenyewe. Ninachojua ni kwamba wamefika, na kwamba waliokuwapo kabla, Wazigua na Wamasai wa zamani wa huku, nao walikuwa na mashamba na malisho yao. Ardhi ni ile ile, maji ni yale yale, watu wameongezeka. Ugomvi utatokea. Ng'ombe wataingia katika mahindi ya mtu, na mtu atapandwa na hasira. Siku zote imetokea, na siku zote wazee walikaa chini wakahesabu mashina yaliyoliwa, mwenye ng'ombe akalipa, na baada ya mavuno mwenye shamba akamkaribisha yule yule aje kulisha mabua, samadi ibaki. Nimelishuhudia hilo Kwamatuku na Sindeni, wala si hadithi. Linawezekana kwa sababu aliyekosa ni fulani bin fulani, mwenye ng'ombe wenye alama yake, na anajulikana anakolala. Siku mtakapoanza kusema "wao", mashina hayatahesabika tena.

Basi video ikija, washeni sauti. Ulizeni ni wapi, ni lini, ni nani, na kabla yake palitokea nini. Mtafuteni mtu wa kabila linalotajwa mumwonyeshe, kama tulivyomwonyesha yule mzee. Mkiona haya kumwonyesha, mmekwisha kujua ni kitu gani mlichoshika. Ikiwa ni ya kweli na imetendeka hapa, ipelekeni kwa mtendaji wa kijiji au kituoni, ikawe ushahidi dhidi ya aliyetenda. Na ile ya Manundu ingali inazunguka. Kila aliye nayo aifute leo, kisha amwambie aliyemtumia kwamba haikuwa Handeni.